Soko la panga jijini Tokyo: shika adabu kabla hujashika upanga

Kila mwaka, joto la Japani linapopungua na majani ya miti kuanza kugeuka rangi, wafanyabiashara wa panga za kale kutoka pembe zote za nchi hiyo hukusanyika katika jengo moja la mtaa wa Shinbashi, jijini Tokyo. Jengo lenyewe linaitwa Tokyo Bijutsu Club, yaani klabu ya sanaa, na shughuli inaitwa Dai Token Ichi. Ukitafsiri jina hilo unapata Soko Kubwa la Panga. Kwa siku tatu ni feleji tupu meza hadi meza: panga ndefu, panga fupi, visu, ala, vipini, kinga za mkono, hata kofia za chuma na mavazi ya vita ya samurai.

Nimeonelea niliandike soko hili kwa sababu watu wetu wanaofika Japani wameongezeka. Kuna mabaharia, kuna wanafunzi, kuna wanaofuata magari yaliyotumika yanayoshushwa hapa bandarini Mombasa. Wengi wamekua wakitazama sinema za samurai, na wakisikia kuna soko la panga za kweli ambapo mgeni anaweza kuingia, kutazama, kushika na hata kununua, watakwenda. Waende, ni mahali pa kupendeza. Lakini aingiaye pale bila kujua mambo machache anaweza kutoka na upanga wenye jina la uongo ulionunuliwa kwa akiba ya miaka miwili, au akajikuta akijieleza kituo cha polisi.

Tuanze na hilo la polisi. Japani ina sheria ya mwaka 1958 inayodhibiti bunduki na panga, na ni kali. Kwa kawaida mtu haruhusiwi kumiliki upanga. Panga zinazouzwa Shinbashi zinaruhusiwa kwa sababu kila moja imesajiliwa kama kazi ya sanaa. Upanga wowote halali una kikaratasi chake, torokusho, kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa ambamo upanga huo ulisajiliwa. Ndiyo, bodi ya elimu. Msomaji wa Kenya atacheka, lakini mantiki ipo: upanga ukihesabiwa kuwa urithi wa utamaduni, basi wenye kuusimamia ni wale wanaosimamia elimu na utamaduni. Kikaratasi hakifuati mtu, kinafuata upanga. Ukiuzwa, kinakwenda nao, na mwenye kuununua hutakiwa kuiarifu bodi hiyo ndani ya siku 20 kwamba mmiliki amebadilika.

Panga zinazokubaliwa kusajiliwa ni zile zilizofuliwa kwa mbinu za jadi za Kijapani. Zile zilizotengenezwa viwandani kwa wingi wakati wa vita vya pili vya dunia hazisajiliwi, wala silaha za nchi nyingine. Kwa hiyo wewe unayewaza kubeba jambia la babu ili ukalilinganishe na visu vyao, liache sandukuni nyumbani. Jambia lina makali pande mbili, na Japani visu vya aina hiyo vimebanwa zaidi ya vingine.

Sasa tuingie ndani.

Usitarajie kelele za Marikiti. Watu huongea chini kwa chini, na wengi wa wateja ni wanaume wa makamo waliovaa suti, ingawa katika miaka ya karibuni wanawake vijana nao wamejaa. Sababu kubwa ya hilo ni mchezo wa kompyuta uitwao Touken Ranbu, uliozinduliwa mwaka 1015 ukiongeza elfu moja, yaani 2015, ambamo panga maarufu za historia zimegeuzwa kuwa vijana watanashati. Wazee wa fani walinuna mwanzoni. Baadaye waliona foleni za majumba ya makumbusho zikirefuka, wakanyamaza.

Mezani, panga nyingine ziko ndani ya kioo, nyingine zimelazwa wazi juu ya kitambaa. Kila moja ina kibandiko kinachotaja jina la mhunzi au ukoo wake wa ufuaji, urefu, daraja la cheti na bei. Urefu hupimwa kwa kipimo cha zamani, shaku, ambacho ni sentimita 30.3. Ubapa usiofika shaku moja ni tanto, yaani kisu. Kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi, upanga mfupi. Kuanzia shaku mbili ndipo tunapata katana au tachi. Tofauti ya hizi mbili za mwisho iko kiunoni: tachi ilining'inizwa makali yakitazama chini, kama ilivyomfaa mpanda farasi, na katana ilichomekwa mshipini makali yakitazama juu. Ndiyo maana sahihi ya mhunzi hukaa upande tofauti, kwa kawaida ule unaotazama nje upanga unapovaliwa.

Usiguse kitu kabla ya kuomba. Neno la kuomba ni "haiken", kutazama kwa heshima, na sentensi nzima ni "haiken shite mo ii desu ka". Hata ukiitamka kwa lafudhi ya Likoni, mwenye meza atafurahi. Akikukubalia, vua saa, pete na bangili, weka mkoba chini mbali na miguu ya watu, na kama una tai au mtandio unaoning'inia, ufunge vizuri. Inama kidogo. Inamia upanga na mhunzi aliyeufua, ambaye huenda amekufa miaka 700 iliyopita.

Kisha shika ala kwa mkono wa kushoto na mpini kwa mkono wa kulia, upanga ukiwa umelala na makali yakitazama juu, uuchomoe taratibu kwa mwendo mmoja. Ukiuinamisha pembeni makali yatakwangua ala kwa ndani, na chembe za mti zitakwangua chuma. Ukishautoa, usimwelekezee mtu ncha. Usiupunge hewani hata kidogo. Ukitaka kuuegemeza, uegemeze juu ya kitambaa safi ulichopewa, si kwenye mkono wa shati.

Na tafadhali, usiongee juu ya ubapa ulio wazi. Katika mambo yote ya adabu hili ndilo linalowashinda wageni, maana mtu akiona kitu kizuri hutaka kusema. Mate yana chumvi, jasho la vidole lina chumvi. Sisi wa ufuoni hatuhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye chuma. Angalia mabati ya nyumba za Mtwapa na vyuma vya madirisha ya Lamu. Alama ya kidole cha leo ni kutu ya wiki ijayo, na kutu hiyo haiondolewi kwa sandpepa. Lazima upanga upelekwe kwa fundi mnoaji, togishi, anayeufanyia kazi kwa mawe laini ya aina nyingi kwa siku nyingi, na malipo yake kwa upanga mrefu hufikia laki kadhaa za yeni. Hata pesa hizo si hasara kubwa kuliko zote. Kila upanga unaponolewa unapungua. Chuma kinachoondoka hakirudi, na upanga uliokwisha kunolewa mara nyingi huonyesha moyo wake laini juu ya ngozi, kama kanzu iliyopauka mabegani. Kwa hiyo mwenye meza anapokukodolea macho unapokaribia na kidole chako, anahesabu karne.

Ukifanya vituko vya sinema, hutafukuzwa kwa kelele. Utagundua tu kwamba kila meza unayofika, mwenye meza ana shughuli nyingine.

Unatazama nini hasa? Kwanza umbo: upinde, upana, urefu wa ncha. Umbo hutaja zama. Halafu unauelekeza upanga kwenye balbu moja, ukiunyanyua na kuushusha polepole, mpaka mwanga unapoteleza kando ya makali. Hapo utaona mstari mweupe kama ukungu ukipita kutoka mwanzo wa ubapa hadi ncha. Mstari huo ni hamon, na kwa wakusanyaji ndio uso wa upanga.

Ili kuuelewa inabidi urudi kwa mhunzi. Chuma chake hutoka kwenye tanuru la udongo liitwalo tatara. Liko moja Okuizumo, mkoa wa Shimane, ambalo chama cha kuhifadhi panga, NBTHK, kililifufua mwaka 1977 na hulichoma msimu wa baridi. Hulishwa mchanga wa chuma na makaa kwa siku tatu, mchana na usiku, na mwisho tanuru lenyewe huvunjwa ili bonge la chuma litolewe. Sehemu iliyo bora ya bonge hilo ndiyo tamahagane. Mhunzi huipasha moto, huifua, huikunja, huifua tena. Ukikunja mara 12 unapata tabaka 4,096, na ndiyo maana ngozi ya ubapa huonekana kama ubao uliorandwa, na mishipa yake. Ndani huwekwa chuma laini ili upanga usivunjike kama kioo.

Kisha udongo. Mhunzi huupaka upanga mzima tope maalumu, zito mgongoni, jepesi makalini, huupasha moto hadi rangi anayoijua yeye, na kuutosa majini. Makali yaliyo chini ya tope jepesi hupoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo hupoa polepole na kubaki mstahimilivu. Kwa kuwa pande mbili zimepoa kwa mwendo tofauti, upanga hujipinda wenyewe ukiwa majini. Hamon ni mpaka wa pande hizo mbili. Haukuchorwa, na hauwezi kufutwa. Upanga bandia wa dukani huwa na mstari uliochorwa kwa tindikali au brashi ya waya, nao ukiutazama kwenye balbu haubadiliki. Umekaa tu kama rangi ya ukuta.

Hamon zina majina. Kuna iliyonyooka, kuna inayotembea kama mawimbi ya bahari iliyotulia, na kuna moja ambayo kwa mtu wa mwambao huu ina harufu ya nyumbani. Inaitwa choji. Choji ni karafuu. Wahunzi wa jimbo la Bizen, hasa wa kundi la Ichimonji katika zama za Kamakura, waliupa mpaka wa makali umbo la vichwa vya karafuu vilivyosongamana, kimoja juu ya kingine, na panga hizo ni miongoni mwa zinazopendwa mno hadi leo. Pia mafuta ya kupaka upanga ili usishike kutu huitwa mafuta ya choji, kwa kuwa hutiwa mafuta ya karafuu. Simama karibu na meza yoyote pale Shinbashi wakati mwenye meza anapopangusa ubapa, utasikia harufu ya magunia ya Pemba. Wajapani waliijua karafuu kupitia biashara ya visiwa vya mashariki karne nyingi kabla mikarafuu haijapandwa Unguja na Pemba, kwa hiyo hatuwezi kudai tuliwafundisha. Lakini bahari ni moja.

Haya, tuje kwenye pesa, maana ndipo watu wanapoumia.

Sehemu ya upanga inayoingia ndani ya mpini, ile ambayo kwenye jembe na kisu tunaiita msuka, Wajapani huiita nakago. Hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake. Msuka haunolewi wala hausafishwi milele. Kutu yake nyeusi ndiyo umri wake, na mtaalamu huisoma rangi hiyo kama mvuvi anavyosoma maji. Mtu aliyewahi kusugua msuka ili jina lionekane vizuri amepunguza thamani ya upanga wake kwa mkono wake mwenyewe. Nimeona ushauri wa kufanya hivyo ukitolewa na watu wanaojiita wajuzi. Wapuuze.

Majina ya uongo ni mengi mno. Wana neno lake, gimei. Haikuanza jana: karne nyingi zilizopita kulikuwa na watu wakichonga jina la mhunzi mkubwa kwenye upanga wa mhunzi mdogo, na upanga huo umekaa na jina hilo miaka 300, ukarithiwa na familia iliyoamini kwa moyo safi. Nagasone Kotetsu, fundi wa mavazi ya vita aliyegeuka mhunzi wa panga Edo katika karne ya 17, alibandikwa jina lake kwenye panga za watu wengine kiasi kwamba likawa mzaha wa wafanyabiashara. Kwa hiyo jina kubwa na bei ndogo havikai meza moja. Ukiviona pamoja, ujue unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa upande mwingine, upanga usio na jina si lazima uwe wa hovyo. Panga ndefu za kale zilikatwa misuka ili zifupishwe ziendane na mitindo ya vita vya baadaye, na jina likaondoka na kipande kilichokatwa. Nyingi za panga bora zinazohusishwa na Masamune, mhunzi maarufu kuliko wote, hazina sahihi.

Ndiyo maana cheti ni muhimu. Na hapa wanaoanza hukosea kwa urahisi, kwa kudhani ile torokusho ya bodi ya elimu ni cheti cha uhalisi. Torokusho inaandika urefu, upinde, idadi ya matundu ya msuka na maandishi yaliyopo. Kama maandishi ni ya uongo, itayaandika hivyo hivyo. Kazi yake ni kuuhalalisha upanga uwepo, haijali nani aliufua. Anayesema nani aliufua ni jopo la wataalamu, na linaloheshimiwa zaidi ni la NBTHK, chama kilichoundwa mwaka 1948. Vyeti vyake vina madaraja manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. La kwanza linasema upanga ni halisi na unastahili kuhifadhiwa. La pili ni hilo kwa uzito zaidi. Juyo hutafutwa katika shindano la mwaka, na wanaopeleka panga zao wengi hurudi mikono mitupu. Tokubetsu Juyo hufanyika mwaka mmoja baada ya mwingine kupita, na zinazopita ni chache. Vyeti vya mfumo wa zamani, vya kabla ya 1982, wakusanyaji wengi huvitazama kwa jicho la pembeni. Upanga wenye cheti cha aina hiyo wa jina kubwa, mwulize muuzaji kwa nini haujapelekwa upimwe upya. Jibu lake litakufundisha.

Cheti hakikuambii kila kitu. Tazama mwenyewe kasoro. Mbaya kuliko zote ni hagire, ufa unaokatiza makali, mwembamba kama unywele, ambao huonekana tu ukiinamisha upanga pembe fulani kwenye mwanga. Upanga wenye ufa huo kwa wakusanyaji umekufa. Kuna uliopita katika nyumba iliyoungua na kupoteza hamon yake, ukafanyiwa upya; huo nao thamani imeondoka. Viuvimbe na nyufa ndogo za tabaka kwenye ngozi ya upanga wa kale husameheka, kama makunyanzi ya mzee.

Bei? Kwa makadirio ya jumla, na yeni moja katika miaka ya karibuni imekuwa pungufu kidogo ya shilingi moja ya Kenya, wakizashi yenye cheti cha Hozon unaweza kuipata kuanzia yeni 200,000 au 300,000. Katana nzuri yenye cheti hukaribia au kuvuka milioni 1. Juyo ni mamilioni kadhaa. Zaidi ya hapo hakuna kibandiko cha bei, kuna kikombe cha chai na mazungumzo. Kubishana bei kwa mtindo wetu wa "niongeze, nipunguzie" hakufai. Uliza mara moja kwa upole kama bei inaweza kusogea, na jibu lolote likubali.

Mwenye mfuko mwepesi asikate tamaa. Nenda meza za vifaa vidogo. Tsuba, kile kisahani cha chuma kinachokinga mkono, hupatikana kwa makumi machache ya maelfu ya yeni, na katika kisahani kisichozidi kiganja utakuta kaa, kipepeo, mwezi au mashua vimetobolewa kwa patasi. Tsuba haina haja ya torokusho, unaitia mfukoni na kwenda zako. Tazama na vipini vya zamani. Chini ya uzi uliosukwa utaona ngozi nyeupe yenye vichunjuvichunju vigumu. Hiyo ni ngozi ya taa, samaki huyo huyo anayeanikwa Vanga na Kipini akaitwa ng'onda. Wajapani waliinunua kutoka bahari za kusini kwa bei kubwa, kwa kuwa vichunju vyake huzuia uzi usiteleze mkononi.

Hizi meza zote, pamoja na vikaratasi vyake, zipo kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka 1945. Japani iliposhindwa vitani, jeshi la Marekani liliamuru silaha zote zisalimishwe, na panga zilihesabiwa silaha. Zilikusanywa kwa malori. Nyingine zilitupwa baharini au kuyeyushwa, nyingine zilibebwa na wanajeshi kama kumbukumbu. Honjo Masamune, upanga wa ukoo wa Tokugawa uliotawala Japani kwa zaidi ya miaka 250, ulipelekwa kituo cha polisi na mwenyewe kwa kutii amri, na tangu hapo haujaonekana. Walionusuru zilizobaki ni watu wachache, miongoni mwao msomi Honma Junji, waliomweleza afisa wa Marekani, Kanali Cadwell, kwamba kuna upanga wa vita na kuna upanga ambao ni sanaa na ibada, na kwamba vinaweza kutofautishwa. Aliwasikiliza. Usajili wa leo ulizaliwa kutokana na mazungumzo hayo.

Zilizokwenda ng'ambo zikawa mali ya wakusanyaji. Mmoja wao, Walter Compton, daktari na mwanaviwanda wa Marekani, aligundua kwamba upanga alioununua kwenye duka la vitu vya kale ulikuwa kazi ya mhunzi Kunimune, hazina ya taifa iliyopotea kutoka hekalu la Terukuni, Kagoshima. Mwaka 1963 aliurudisha bila kudai malipo. Hadithi hiyo husimuliwa hadi leo kila wakusanyaji wanapokutana.

Mtu wa Pwani hawezi kuisoma bila kukumbuka vigango. Hivyo navyo vilichongwa kwa ibada, vikasimamishwa kwa ajili ya wazee wa Kimijikenda waliotangulia, vikang'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na madalali, na kuishia kwenye kuta za wakusanyaji wa Marekani. Viwili vilirudi mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30 mwaka 2019, na lile la jimbo la Illinois 37 mwaka 2023. Tofauti yetu na Japani naiona katika kile kikaratasi. Upanga ukiibwa kesho Kyoto, kuna namba, urefu, idadi ya matundu na jina vilivyoandikwa ofisini. Kigango kikiibwa Ganze, familia ina kumbukumbu na shimo ardhini. Sheria ya makumbusho na turathi tunayo tangu 2006, na inazuia mali ya kale kutolewa nchini bila kibali. Kuorodhesha kigango kwa kigango, mlango kwa mlango, kiti cha enzi kwa kiti cha enzi, kwa picha na vipimo, ni kazi ambayo ofisi za utamaduni za kaunti zetu zingeweza kuianza kwa simu za mkononi na daftari. Wachunguzi wa kule Marekani walipouliza kigango hiki ni cha nani, picha ya zamani iliyopigwa na mtafiti ndiyo iliyotoa jibu kwa vile viwili vya kwanza. Ilikuwa bahati.

Nirudi Shinbashi, kwa yule aliyeamua kununua. Usinunue siku ya mwisho ya safari yako ukitegemea kuondoka na upanga. Kuutoa Japani kunahitaji hati kutoka Wakala wa Utamaduni inayothibitisha kwamba si mali iliyolindwa, na maombi huchukua wiki kadhaa. Hazina za taifa na mali muhimu za utamaduni hazitoki kabisa. Wafanyabiashara wazuri wamezoea kazi hii: watakuombea hati, watarudisha torokusho ofisini kwa kuwa upanga unaondoka nchini, na watautuma kwa njia halali. Anayekuambia uufiche kwenye sanduku la nguo si rafiki yako. Kabla ya kulipa, iulize forodha ya nchi unakoupeleka inataka nini, na upate jibu la maandishi.

Ukiufikisha mwambao huu wetu, adui ni unyevu. Uweke ndani ya shirasaya, ala nyeupe ya mti wa honoki usio na rangi wala urembo, kwa kuwa ala hiyo ndiyo nguo yake ya kulalia. Ukague mara kwa mara, upanguse mafuta ya zamani kwa kitambaa laini, upake mapya kidogo sana. Usiulaze chumba cha upande wa bahari.

Na asiyenunua hajapoteza siku. Kutoka Shinbashi kwa treni ni mwendo mfupi hadi Ryogoku, ambako NBTHK ilifungua jumba lake jipya la makumbusho ya panga mwaka 2018, au hadi Ueno, kwenye jumba la taifa, ambako hutunzwa upanga wa Munechika unaoitwa mwezi mwandamo kwa sababu ya miezi midogo iliyojitokeza kandokando ya makali yake. Huo haushikwi na mtu. Simama mbele ya kioo, kunja magoti kidogo, sogeza kichwa kushoto na kulia mpaka mwanga ukae sawa, na miezi itatokea.